Mashine ya nusukaputi: kupuliza, vichujio vya mkaa au ventileta?

Kipimajoto
Wakuu, kesho tuna mgonjwa ambaye familia yake ina haipathemia hatarishi, ile ya misuli kukakamaa na joto kupanda ghafla mtu akivuta gesi za nusukaputi kama halothani, sevoflureni na jamaa zake. Atapewa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipa, hilo halina mjadala. Ila mabaki ya gesi kwenye mashine lazima yashuke chini ya sehemu 5 kwa milioni. Nipulize oksijeni tu, au nitafute vichujio vya mkaa amilifu?

FundiMitambo
Inategemea mashine. Za zamani zilisafika ndani ya dakika 20 hivi. Hizi mpya zina mpira na plastiki nyingi, gesi inajificha humo na kutoka kidogokidogo. Baadhi hudai zaidi ya saa nzima kwa lita 10 kwa dakika. Halafu ukipunguza mtiririko katikati ya upasuaji, mabaki yanapanda tena. Hapo ndipo wengi hunaswa.

DadaUsingizi
Mkaa, bila kusita. Toa vepolaiza (kifaa kinachogeuza dawa ya nusukaputi kuwa mvuke), badilisha mirija, mfuko na soda laimu (chembe za kufyonza kabonidayoksaidi), puliza lita 10 au zaidi kwa sekunde 90, kisha chomeka vichujio viwili: njia ya kuvuta pumzi na njia ya kutoa. Dakika chache tu uko chini ya 5. Vile vya kazi hii hudumu hadi saa 12 mtiririko usiposhuka chini ya lita 3. Soda laimu usiiache, mkaa haukamati kabonidayoksaidi.

Mgeni_77
Na naitrasi oksaidi, ile gesi nyingine ya nusukaputi, mkaa unaikamata?

DadaUsingizi
Inapita kama hakuna kitu. Kwa mgonjwa huyu si neno, haichochei ugonjwa huo. Wa kujihadhari ni wanaotegemea kopo la mkaa kunyonya gesi taka chumbani: wataivuta wao.

FundiMitambo
Nakubali, hasa dharura ikizuka mgonjwa akiwa tayari mezani. Nani atasubiri saa nzima? Ila hapo mapafu yake yenyewe yanatoa gesi na kichujio hujaa mapema. Badilisha kila saa, na dantroleni, dawa ya kutibu hali hiyo, iwe karibu.

Mlinzi_wa_Pumzi
Mbona hamtaji ventileta, mashine ya kupumulia ya wagonjwa mahututi? Haijawahi kuguswa na gesi hizo.

Kipimajoto
Ipo, ila ina mgonjwa. Jozi mbili za vichujio zipo stoo, naenda kuzichukua.