Naomba ushauri: tusaini mkataba mmoja wa huduma zote za mtaa, au tuugawe?

Habari zenu ndugu wanachama. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Taka, taa za barabarani na ulinzi tunajigharamia wenyewe kupitia kampuni binafsi. Mkataba unakaribia kuisha, na kampuni inataka tusaini mpya wa muda mrefu, kila kitu ndani.

Bei si tatizo kubwa. Taka nazo zina dawa: asiyelipa, pipa lake halichukuliwi (ingawa akitupa mtaroni harufu tunaipata sote). Kazi iko kwenye taa na ulinzi. Taa haichagui wa kumwangazia, hivyo baadhi wameacha kuchangia na wanaolipa wameanza kununa. Tumeandika barua, tumewafuata majumbani. Wanalipa kidogo, kisha wanarudi kulekule.

Nimesoma kuhusu Sandy Springs, Marekani. Mji huo ulianza 2005 kwa kuikabidhi kampuni moja karibu kila huduma isipokuwa polisi na zimamoto, halafu 2019 ukaamua kurudisha nyingi mikononi mwake ili kupunguza gharama. Paris nayo ilirudisha maji kwa manispaa 2010. Ndiyo maana kalamu inanisita.

Naomba mnisaidie mawili. Kwa waliopitia haya, ni vifungu gani vya kuvunja mkataba au kupima kazi vilivyowaokoa kweli? Na huduma isiyoweza kukatwa kwa mtu mmoja, mnawabanaje wasiolipa bila kufikishana mahakamani?