Kinywa kukauka uzeeni: wenzangu wa Moshi na Arusha, tupeane uzoefu

BibiWaPasua
Habari za jioni wote. Leo kwenye jumuiya mama mmoja wa rika langu alipewa somo asome. Hakufika mbali, sauti ikakatika, ulimi ukawa unagonga kaakaa, tak, tak, mpaka waliokaa mlangoni wanasikia. Vijana wakadhani ana woga. Mimi nilijua ni nini, nikamsogezea chupa yangu ya maji.

Naomba tuliseme wazi, maana wazee wengi wanakaa nalo kimya. Unaamka saa nane usiku ulimi umenata, pembe za midomo zimepasuka. Mkate mkavu haushuki. Kiazi kitamu kinageuka unga mdomoni. Ugali bila mchuzi ni adhabu. Chumvi huisikii, lakini pilipili kidogo tu inaunguza. Nina miaka 71 na natumia dawa za presha. Mnaoishi na hali hii, au mnaotunza wazazi wenye hali hii, mnafanyaje? Andikeni yaliyowakuta, sio ya kusikia.

MekuKiborloni
Umenigusa mwalimu. Usiku ndio kabisa. Unakunywa maji kinywa kipoe, halafu maji hayo hayo yanakuamsha kwenda chooni na baridi hii ya Julai.

MamaSakina
Mtori. Kila siku mtori, na supu pembeni. Mengine yote nimeacha.

NjiroKwetu
Dawa ni limao. Kata kipande, nyonya asubuhi, mate yanakuja yenyewe. Bibi yangu alitumia hivyo mpaka anaondoka duniani.

TabibuMstaafu
Shikamoo zenu wote mlionizidi. Nimefanya kazi ya kinywa na meno mpaka nikastaafu, na hili la limao nimelipinga miaka yote. Mate yatakuja, sawa. Lakini mate ndiyo yanayozimua asidi mdomoni. Mtu mwenye mate ya kutosha hutoa kama nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, na muda wote yanasafisha meno, yanayeyusha chakula upate ladha, yanazuia fangasi. Yakipungua, ile asidi ya limao inabaki imekaa kwenye jino. Ndiyo maana wazee wanaokauka kinywa meno yao huoza kwenye shingo ya jino, pale fizi iliporudi nyuma, na jino linakatika kama lilivyo.

Na tusisingizie uzee peke yake. Sababu ninayoikuta kwanza ni dawa. Za kukojoa, baadhi ya za presha, za mafua na kuwashwa, za msongo na za maumivu ya mishipa ya fahamu, za kibofu. Mzee akiwa na aina nne tano, kinywa kinakauka.

NjiroKwetu
Bibi yangu alikufa na meno yake yote.

TabibuMstaafu
Mungu amlaze pema. Bado sikushauri.

BintiWaMachame
Nimesoma hapa nikatetemeka, acha niwaambie ya mama yangu.

Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa kaka, Desemba, wakati ukoo wote umerudi nyumbani. Ndafu imekatwa, wazee wamepelekewa sinia lao. Mama ana meno ya bandia juu na chini, na kwa muda mrefu yalikuwa yanacheza mdomoni, tukawa tunasema fizi zimekonda. Hakuna aliyewaza kwamba mate ndiyo yanayosaidia yale meno kushika. Alipenda kula polepole na kikombe cha chai mkononi. Siku ile chai ilichelewa, na mama ni mtu wa adabu, hakutaka kuonekana anadai. Akala nyama kavu.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kimya, sio kelele. Matarumbeta yakanyamaza. Nilipotoka nikamkuta mama amesimama, mikono yote miwili shingoni, macho yamemtoka, hatoi hata sauti ya kukohoa. Shangazi mmoja anamlazimisha maji. Mwingine anasema apewe tonge la ugali lisukume. Mjomba anaomba kwa sauti. Maji yalikuwa yanarudi puani.

Kuna kijana wa jirani anapandisha wageni mlimani kwa njia ya Machame, hawa waongozaji hufundishwa huduma ya kwanza. Alikuja mbio, akamnyang'anya shangazi kile kikombe. Akamwinamisha mama mbele, mkono mmoja umeshika kifua, akampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega, mara tano, kwa nguvu ambayo kaka alitaka kumrukia. Hakikutoka. Akaenda nyuma yake, akafunga ngumi juu ya kitovu, akavuta ndani na juu. Mama alikuwa anageuka rangi, midomo imekuwa ya zambarau. Akavuta tena, na tena. Kipande kikaruka pamoja na meno ya juu, yakaanguka kwenye sinia. Mama akavuta pumzi, sauti ile ya kuvuta pumzi siwezi kuielezea.

Tulimpeleka hospitali siku ileile kwa sababu kijana alisema aliyeminywa tumbo hivyo lazima apimwe. Daktari alimwangalia koo, halafu akauliza: mama, mate yako yako wapi? Akasema tulete dawa zake zote, hata za dukani. Kesho yake nikabeba mfuko. Kulikuwa na furosemaidi ya kupunguza maji mwilini, amitriptilini ya miguu kuwaka moto maana ana kisukari, na piriton aliyokuwa ananunua mwenyewe kwa ajili ya kuwashwa, anakunywa kila usiku. Daktari akasema mbili za mwisho zote zinakausha, na ya kwanza inaongeza. Ile piriton akaiondoa, akampa mafuta ya ngozi kavu. Ile ya miguu akaipunguza kidogo kidogo. Sasa mama anakula machalari yenye mchuzi mwingi, na hakuna anayempelekea sahani bila kikombe.

MekuKiborloni
Jamani. Nimeweka simu chini.

KijengeJuu
Huyo kijana ana Mungu wake.

PoliSwahili
Lakini maji si ndiyo yanasukuma? Sisi nyumbani tumekua tunapewa maji.

BintiWaMachame
Yangemuua, kaka. Njia ya hewa imeziba, maji yanaenda wapi? Kijana alituambia: kama mtu bado anakohoa, mwache akohoe, mtie moyo akohoe zaidi. Akishindwa kukohoa na kuongea, ndipo unampiga mgongoni mara tano, ukishindwa unaminya tumbo mara tano, unarudia huku mwingine anatafuta gari.

PoliSwahili
Na kumpiga mzee wa miaka themanini mgongoni?

BintiWaMachame
Ulitaka tumbembeleze?

MamaSakina
Tusigombane. Kila nyumba ijifunze, basi.

HimoNjiaPanda
Mimi nasema kitu kimoja. Dawa za presha niliacha, kinywa kikarudi kama cha kijana. Nakula hata makande makavu. Dawa hizi zinatumaliza wazee.

KijengeJuu
Mzee, umepima presha tangu uache?

HimoNjiaPanda
Najisikia vizuri.

KijengeJuu
Presha haisikiki. Baba yangu alikuwa anajisikia vizuri vilevile, tukamkuta sakafuni bafuni, upande wa kulia umekufa. Sasa namlisha kwa kijiko, na kumeza kwenyewe ni shida kubwa kuliko kinywa kukauka. Nakuomba kama mwanao, kesho pita kituo cha afya wakufunge ile mashine mkononi. Waambie dawa inakukausha, wakubadilishie. Zipo aina nyingi.

HimoNjiaPanda
Nimekusikia.

TabibuMstaafu
Ahsante Kijenge. Mfuko wa dawa unapelekwa kwa daktari, hautupwi chooni.

MamaNtilie_Mbuyuni
Mimi kwangu haikuwa dawa, sikuwa natumia hata moja. Nilikuwa na kiu isiyoisha, nakojoa usiku kucha, nguo zinanivuka. Wateja wananiambia umependeza mama, umepungua. Kupima, sukari. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 (milimoli kwa lita) na kuendelea wanakirudia wahakikishe, na mimi kilikuwa mbali juu ya hapo. Sukari ilipotulia, kinywa nacho kikatulia kiasi. Anayekaukwa kinywa na hajui sukari yake, aanzie hapo kabla ya kununua kitu chochote.

Mzee_Ngaramtoni
Nilipata saratani ya koo, nikapigwa mionzi Dar. Saratani iliondoka, namshukuru Mungu. Tezi za mate nazo ziliungua humo humo. Yangu hayatarudi yote, daktari alinieleza kabla hatujaanza na nilikubali. Ninachofanya: chupa ndogo nalowanisha kinywa kwa funda dogo dogo, sio kugugumia. Loshoro (mahindi laini na maziwa mgando), uji, ndizi zilizoiva sana. Nyama inasagwa. Midomo napaka vaselini. Usiku naweka beseni la maji chumbani hewa isiwe kavu. Tumbaku niliacha kabisa, na ugoro pia, vijana wanaonitembelea wanajua hawavutii ndani kwangu. Ibada ya Jumapili naimba nikiwa na chupa mfukoni na hakuna aliyewahi kunizuia.

BibiWaPasua
Mzee wangu, pole na hongera. Nimesoma mara mbili.

DadaUsaRiver
Macho yenu vipi? Mimi kinywa na macho vyote vikavu, kama kuna mchanga, na viungo vya vidole vinauma asubuhi. Nilizungushwa sana mpaka daktari wa macho akalitaja jina, ugonjwa wa Sjögren, wa yule daktari wa Sweden aliyeuandikia mwaka 1933. Kinga ya mwili inashambulia tezi za mate na za machozi. Unashika zaidi wanawake wa umri wa kati kwenda juu. Natumia matone ya macho. Mwenye dalili hizo mbili pamoja asikubali kuambiwa ni vumbi.

Tena ninyi watu wa meno kila siku mnatuambia tupige mswaki na dawa yenye floraidi, yale madini ya kulinda meno. Sisi wa huku kata ya Maji ya Chai meno yetu ni ya kahawia kwa sababu ya floraidi hiyo hiyo. Mnataka tuongeze?

NjiroKwetu
Hapo umenena. Arusha nzima tumeunguzwa meno, halafu tununue tena kwenye boksi.

TabibuMstaafu
Swali zuri, lijibiwe vizuri. Maji ya visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kama kikomo. Ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Lakini rangi ile huingia utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya. Jino la mtu wa miaka 70 halibadiliki rangi kwa dawa ya mswaki. Linachohitaji ni ulinzi wa nje, hasa mate yakiwa hayapo. Soma boksi, tafuta namba ya floraidi (ppm) kati ya 1000 na 1500. Kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na kabla ya kulala. Tema, usisukutue kwa maji mengi.

Wajukuu wadogo ndio muwasimamie, wasimeze. Na wenye meno ya bandia, yatolewe usiku, yasafishwe. Ukiona utando mweupe au wekundu unaowaka chini yake, hiyo ni fangasi, inatibika.

DadaUsaRiver
Hapo nimekuelewa dokta. Maji ya kunywa bado nachuja.

TabibuMstaafu
Endelea kuchuja.

HajiKaloleni
Asalaam alaykum. Ramadhani inakuwaje kwa wenye hali hii? Mimi daku nakula matango, tikiti na uji, chumvi napunguza, kahawa naacha. Mchana napiga mswaki wa mti, unavuta mate kidogo. Mwaka huu daktari alinikataza kufunga kwa sababu ya sukari na shehe akaniambia nilishe maskini. Niliumia moyoni ila nilitii.

MekuKiborloni
Na mbege je? Ni uji ule, unalowanisha.

MamaSakina
Meku! Pombe inakausha.

MekuKiborloni
Kikombe kimoja tu cha wazee.

Mzee_Ngaramtoni
Mimi hata kimoja kinaniunguza. Meku, jaribu maziwa mgando.

MamaNtilie_Mbuyuni
Pipi je? Nanyonya pipi kifua mchana kutwa, zinasaidia.

TabibuMstaafu
Mama, una kisukari na kinywa kikavu, na unanyonya sukari mchana kutwa! Tafuta bigijii isiyo na sukari, yenye zailitoli, kile kitamu kisichoozesha meno. Kutafuna kunaamsha tezi. Wenye meno ya bandia yanayonata nayo, chukueni pipi isiyo na sukari.

BibiWaPasua
Aika sana wote. Nimeshaweka dawa zangu zote kwenye mfuko, Jumatatu nina kliniki. Hiyo bigijii isiyo na sukari Moshi mjini inapatikana wapi? Na wewe BintiWaMachame, ukimwona yule kijana wa mlimani muulize kama atakubali kuja kwenye jumuiya yetu Jumamosi moja atufundishe. Nauli na chakula tutachanga.

BintiWaMachame
Yuko juu na wageni, anashuka Ijumaa. Nitamuuliza, mama. Bigijii niliiona kwenye supamaketi pale karibu na stendi, rafu ya juu, ghali kidogo.