Binti ana miaka 17, anataka wiki sita za W15 Monastir. Nimwachie?

mama_wa_nyali

Habari za jioni wanajamvi. Wenye matusi pitieni kushoto, mimi nataka wenye uzoefu.

Tenisi sikuzaliwa nayo, nimeijulia kwenye benchi nikisubiri mtoto amalize mazoezi. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha nne. Tangu Angella Okutoyi achukue kombe la wasichana la wawili wawili kule Wimbledon mwaka 2022, yeye na yule Mholanzi Rose Marie Nijkamp, nyumbani kwangu hakuna habari nyingine. Juzi kaniletea karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Monastir, Tunisia, wiki sita mfululizo, W15, yale mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya wanawake wa kulipwa. Kila wiki shindano jipya palepale. Akanieleza kuwa 15 ni dola elfu kumi na tano. Nikasema alhamdulillahi, basi nauli itarudi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Zamu yangu ya chama ni mwezi wa tatu na pesa nilishazipangia paa. Naomba kujua: wiki sita zinatosha kumwingiza kwenye orodha ya dunia ya WTA, chama cha wanawake wanaocheza tenisi ya kulipwa?

baba_chaki

Mama, hiyo elfu kumi na tano ni sufuria ya arusi nzima, si sahani ya mwanao. Bingwa anaondoka na dola elfu mbili na kidogo kabla ya kodi. Anayetolewa raundi ya kwanza ya droo kuu hafikishi dola mia mbili. Na anayeishia kwenye mchujo, yaani mechi za kutafuta nafasi ya kuingia droo kuu, hapati hata senti. Ezeka paa.

nyuzi_zimekatika

Shikamoo mama. Baba chaki kasema kweli lakini kaacha nusu.

Mimi ni wa Dar, nilicheza misimu miwili, 2021 na 2022, jumla wiki 23. Wengi hawaelewi wiki ya W15 inavyokwenda kwa msichana asiye na nafasi kwenye orodha ya dunia. Mchujo unaanza Jumapili au Jumatatu. Mkitoka sare, kila mmoja na seti yake, hakuna seti ya tatu, mnacheza taibreka ya pointi kumi na imekwisha. Mimi nilifungwa 10-8 mara tatu kwa mwezi mmoja. Ukitolewa Jumapili saa nne asubuhi, wiki yako imekwisha saa nne asubuhi, ila hoteli haijaisha. Unabaki siku saba unazunguka na begi ukitafuta wa kupiga naye mpira, na walio kwenye droo hawakutaki kwa kuwa wana mechi kesho. Kuna mji mmoja wa pwani (sio huo alioandika binti) nilikolala katika hoteli ya shindano kwa bei iliyonishinda, na kila nikiuliza nyumba ya kupanga naambiwa basi la kwenda uwanjani ni la wageni wa hoteli tu. Nilitembea. Dakika arobaini, raketi mgongoni.

Kuhusu orodha: ili jina litokee, unatakiwa uwe na pointi kutoka mashindano matatu, au pointi kumi kwa jumla. Kushinda mechi moja ya droo kuu kwenye W15 ni pointi moja. Kufungwa mechi ya kwanza ni sifuri. Na kila pointi inaishi wiki 52 halafu inafutika. Mimi nilipata moja Antalya, Uturuki, na nyingine Sharm El Sheikh, Misri. Nilikuwa naikimbiza ya tatu, ile ya Antalya ikafutika. Kwa hiyo ukinitafuta kwenye orodha ya WTA hunipati, sijawahi kuwepo hata siku moja. Wiki 23.

Jingine ambalo makocha hawasemi. Mechi ina watazamaji kumi na mmoja, wawili ni mbwa wa jirani, lakini kuna watu mabara mengine wameiwekea pesa. Ukifungwa, simu inajaa matusi kutoka kwa mtu usiyemjua, wengine wanamtaja mama yako. ITF, shirikisho la tenisi la dunia, na WTA walitoa hesabu ya mwaka 2024: karibu jumbe 8,000 za matusi na vitisho kwa wachezaji 458, na 40% zilitoka kwa wacheza kamari wenye hasira. Binti akienda, akaunti zake zishikwe na mtu mwingine siku za mechi. Hili nalisisitiza kuliko la pesa.

baba_chaki

Si aanzie Nairobi basi? ITF hupita hapo, na ni nyumbani.

nyuzi_zimekatika

Nairobi ni nyumbani kwa mtu wa Nairobi. Pale ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, uwanja wa udongo, mpira unaruka kama umeitwa. Mtoto wa Nyali amekulia usawa wa maji kwenye hewa nzito, wiki ya kwanza mipira yake yote itatua nje ya mstari sawa na ya msichana kutoka Uholanzi. Aende, nauli ya basi si kitu, lakini apande siku kumi kabla.

mama_wa_nyali

Marahaba mwanangu, umenitoa usingizi. Lakini hebu niambie kweli, ulijuta?

nyuzi_zimekatika

Hoteli nilijuta. Kucheza, hapana. Mechi ile ya Sharm nilikuwa nyuma 1-4 seti ya tatu, upepo wa jangwa unanitia mchanga mdomoni, nikashinda 7-5. Hakupiga makofi mtu isipokuwa msichana mmoja aliyekuwa anasubiri uwanja. Mpaka leo nikifua nguo naukumbuka ule mpira wa mwisho.

Ningekuwa yeye ningekwenda wiki tatu, si sita. Ya kwanza mwili unazoea, ya pili unacheza, ya tatu unajua kama unaweza. Ya nne hadi ya sita ukiwa unafungwa Jumapili ni kununua huzuni. Ajiandikishe na wawili wawili kila wiki, angalau atakuwa na mechi nyingine. Jina liingie mapema, orodha hufungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya shindano. Na asiupuuze mlango wa vyuo vya Marekani, Okutoyi mwenyewe alipitia Auburn, Alabama. Vyuo vina masharti kuhusu pesa za zawadi, kwa hiyo kila risiti, hata ya maji, aiweke.

fundi_wa_raketi

Nimechelewa. Asiende na raketi mbili, ziwe tatu. Na asinunue nyuzi kule, abebe rola yake ya mita 200, inatoa raketi kumi na sita hivi. Atalipa ufundi tu.

mama_wa_nyali

Tumeafikiana wiki tatu, baada ya kununiana siku mbili. Paa litaezekwa upande wa jikoni kwanza. Fundi, hiyo rola Mombasa inauzwa wapi?

fundi_wa_raketi

Ukiipata Mombasa uniambie na mimi.