Mliowahi kuangukiwa na udongo mtaroni au shimoni, tupeane uzoefu

Wakuu, niko Mwanga, Kigoma. Juzi vijana wangu walikuwa wanachimba mtaro wa bomba, kina kimefika shingoni. Mmoja akapanda kunywa maji, nyuma yake ukuta mzima ukakaa chini, puu! Beleshi lake tumelitoa leo. Wenzangu mnajikingaje?

Mchimba vyoo, Tabora
Pole mkuu. Mimi yalinikuta Isevya, shimo la futi kumi, na mchanga wetu unaujua. Asubuhi niliona ufa ukingoni, mwembamba kama uzi. Nikasema jua tu hilo. Saa nane ukashuka, ukanifunika hadi kifuani. Watu hudhani hukosi pumzi mpaka pua ifunikwe. Yangu ilikuwa nje kabisa! Ila kila ukitoa pumzi udongo unajaza pale kifua kiliponywea, ukitaka kuvuta nyingine nafasi hakuna. Mita moja ya ujazo ni kama tani moja na nusu, ndugu yangu. Kuna aliyeleta kamba anivute, mzee mmoja akamfokea kwamba atanivunja kiuno. Wakanifukua kwa mikono na sufuria.

Kibarua mstaafu
Kifusi mnakirundika wapi? Wengi hukiweka mdomoni kabisa ili wasichoke kurusha. Nilikopita tulitumia vipimo vya Marekani: kifusi sentimita 60 kutoka ukingoni, kinga ya kuta kuanzia kina cha mita 1.5, ngazi isizidi mita 7.5 kutoka alipo mtu. Kuta za mchanga zinalazwa: kila mita ya kwenda chini, mita moja na nusu ya kupanua, kila upande. Mtaani hiyo haiwezekani, utabomoa ukuta wa jirani. Hapo unazuia kuta kwa mbao na mirunda, unaanza kukaza ya juu ukiwa nje.

Mama wawili, Ujiji
Kaka yangu hakuwa mchimbaji, alikuwa anapita. Akaruka kumtoa mwenzie, ukashuka wa pili. Yule wa kwanza yupo hai, anauza dagaa Kibirizi.

Mchimba vyoo, Tabora
Poleni sana dada.

Mwenye mada
Pole dada, Mungu amrehemu. Nimerudi mtaroni na tochi. Ufa upo, upande wa barabara wanapopita wa bodaboda, na kifusi chetu kiko juu yake. Kesho hashuki mtu. Nani ana mirunda ya kuazima hapa Mwanga? Nafuata mwenyewe.