Kichanga wa siku nne macho yamekuwa ya njano, jua la asubuhi linatosha?

Nuru_Mbagala: Habari za humu. Mtoto wa kiume, leo siku ya nne, katimiza miezi yake tisa, kilo 3.1. Tangu jana jioni weupe wa macho umekuwa wa njano, leo naona hadi kifuani. Analala mno, hupitisha hata masaa manne bila kunyonya. Bibi yake anasema nimwanike jua la asubuhi na kumpa maji ya glukosi kwa kijiko. Mimi kundi langu la damu ni O. Nijaribu hivyo kwanza au niende hospitali?

Nesi_wa_Zamu: Hongera kwa kujifungua, mama. Glukosi acha kabisa. Hiyo njano ni bilirubini, takataka ya chembechembe nyekundu za damu zikivunjika, na njia yake kuu ya kutoka ni choo. Maji matamu yanajaza tumbo, mtoto hanyonyi, choo kinachelewa, na bilirubini iliyokwama utumboni inafyonzwa tena kurudi kwenye damu. Unaongeza kile unachotaka kupunguza.

Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na usivushe masaa matatu. Akisinzia mvue nguo, mbadilishe nepi, mkune nyayo, mkamulie matone mdomoni. Mdomo uwe wazi kweli, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani. Kufikia siku ya tano choo kiwe cha njano na akojoe mara 6 au zaidi. Kama bado anatoa kile cheusi kinachonata kama lami, maziwa hayaingii ya kutosha.

Jua: kinachotibu ni mwanga wa bluu, tena uangukie kwenye ngozi tupu kwa masaa mengi. Dakika kumi barazani, mtoto kafungwa kanga mbili, pua tu ndiyo iko nje, hazifanyi kitu. Ukimwacha uchi juani, anaungua au anapungukiwa maji. Hasara kubwa zaidi ni siku zinazopotea mkisubiri jua lifanye kazi.

Mzee_wa_Kliniki: Wengine wanachanganya hii na homa ya manjano. Ile ni ya virusi vinavyoenezwa na mbu, haihusiki hapa.

Kumkagua: msogeze kwenye mwanga wa mchana, si chini ya balbu. Bonyeza kifua kwa kidole, achia, angalia rangi kabla damu haijarudi. Kwa ngozi nyeusi tazama macho na fizi. Njano huanza usoni na kushuka. Ikifika viganjani na kwenye nyayo ni nyingi. Ila jicho halipimi kiwango, damu ndiyo inapima.

Daktari_Vichanga: Nuru, nenda leo, usisubiri kesho. Njano ya siku ya pili au ya tatu watoto wengi huipata na hupita. Inayoanza ndani ya masaa 24 ya kwanza daima ni ya hospitali. Ya mwanao haikuwahi hivyo, lakini anasinzia kupita kiasi, na mama wa kundi O anaweza kuwa na kingamwili zinazovunja damu ya mtoto wa kundi A au B. Waombe bilirubini yote na ile ya moja kwa moja (direct, iliyokwisha kuchakatwa na ini), kundi la damu la mtoto na wingi wa damu. Akigoma kunyonya, akilegea, akilia kwa sauti kali nyembamba au akijipinda mgongo kwa nyuma, hiyo ni dharura: bilirubini inaingia kwenye ubongo, na masikio huathirika pia.

Swali moja: nguo zake zilihifadhiwa vipi?

Nuru_Mbagala: Nyingi ni za kaka yake, zilikaa sandukuni na vile vidonge vyeupe vya nafthalini. Nilizianika siku moja.

Daktari_Vichanga: Mvue sasa hivi, na shuka zilizotoka humo ziondoe pia. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembechembe nyekundu za damu, wavulana zaidi, na kwetu pwani si wachache. Mvuke wa nafthalini ukiwafikia, damu yao huvunjika kwa kasi. Mafuta ya kupaka hufanya ngozi iufyonze zaidi. Usitegemee kufua mara moja, tumia nguo nyingine kabisa. Hina nayo usimpake, hata kidogo miguuni. Haya yote waambie hospitali ili wapime G6PD.

Wakimweka kwenye taa ya bluu atabaki na nepi tu, macho yamefunikwa. Atolewe kunyonya kila baada ya masaa mawili au matatu, usikubali aachwe na njaa.

Akirudi nyumbani na njano ikavuka siku 14, angalia choo. Kikiwa cheupe kama chokaa, au mkojo unaacha doa la njano iliyokolea kwenye nepi, huenda njia za nyongo zimeziba, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi kabla ya siku 60. Usiitupe hiyo nepi. Ifunge kwenye mfuko, uende nayo.