Kulinda madokima ya Google Docs: Takeout, kudaunlodi kwa mukono ao rclone?

Kadutu_Asubui
Bandugu jambo. Likelemba yetu (kikundi cha kutoleana makuta kwa zamu) hapa Kadutu, hesabu yote iko kwa Google Sheets na mapatano kwa Docs, akaunti ni ya sekretere peke yake. Natafuta kopi ya pembeni. Kuko benye banasema niweke tu Drive kwa mashini njo basi, ni kweli?

Fundi_Nguba
Apana ndugu. Ile Drive ya kwa mashini, kwa Docs inakuwekea tu ka .gdoc, ni njia ya kufungulia, maandishi yenyewe inabaki kwa Google. Kata intaneti utaona. Na tena ni sinkro, mutu akifuta huku na kule inafutika, inalala siku 30 kwa pubele (kitunga ya takataka ya Drive) kiisha kwaheri. Fanya Takeout, njo kifaa ya Google ya kudaunlodi kopi ya byako, inageuza Docs kuwa docx (ya Word) na Sheets kuwa xlsx (ya Excel), inafunga kwa zip, unaweza hata kuiprograme kila miezi 2 kwa mwaka 1.

mama_wa_bitenge
Takeout muzuri lakini mega yako ya intaneti je 😅 Umeme ukikatika katikati ya zip ya 2 GB utalia. Mie nafungua tu dokima ya maana, nadaunlodi docx, naweka kwa flash, byenye bibakie bibakie.

Fundi_Nguba
Mama uko na haki ila ukiwa na dokima mia utachoka. Kwa Takeout unaweza chagua folda moya tu, haiko lazima ma Gmail na mapicha yote. Ni sekretere mwenyewe aifanye, juu byenye balikushirikisha tu habitatoka kwa Takeout yako.

ibanda_teknik
Kama unaogopa mega, rclone. Ni programe ya bure, ya kuandika komande, inachukua tu yenye ilibadirika na inakutolea docx. Andika copy, usiandike sync, sync inafuta kwa diski byenye bilifutwa kwa Drive. Si ya kila mutu, kweli.

Kadutu_Asubui
Na kutia kopi kwa OneDrive, ile ya Microsoft ya kuweka bintu kwa intaneti?

ibanda_teknik
Bure ni 5 GB, kwa hesabu za likelemba inatosha sana. Lakini ingia mara kwa mara, Google nayo inaweza futa akaunti yenye haijaguswa miaka 2.

mama_wa_bitenge
Na ile flash isikae kwa sekretere tena jamani, mupatie mwenye kuchunga makuta. Mufungue xlsx moya mbele ya batu, muone kama hesabu inasomeka.

Kadutu_Asubui
Sawa, Takeout ya folda moya, usiku wakati mega ni bei ya chini. Aksanti mama, aksanti bakubwa.