Ati "hesabu yako, dada"? Vitanzi vinne vya kofia vimebaki na mwenye pateni ananicheka!

SindanoMbili (aliyeanzisha mjadala huu), saa 4:12 usiku

Wadau, nimeondolewa kwenye kundi la wafumaji sasa hivi, hata chai haijapoa. Mnamjua. Yule anayeuza pateni, yaani maelekezo ya kufuma, kwa shilingi 350, ambaye baridi ya Julai ikiingia tu anatuma picha ya kofia ileile ya kijani kwa kila simu kuanzia Kangemi mpaka Njiru hapa Nairobi. Simtaji.

Nimemuuliza swali moja, tena nikaanza na "samahani mama". Pateni yake inasema anzisha vitanzi 100, ungana duara, ukingo wa mbele 2 nyuma 2 (vitanzi viwili vya kufuma kwa mbele, viwili kwa nyuma) kwa sentimita 5, kisha mbele tupu mpaka kofia ifike sentimita 16. Hapo sina neno, 100 inagawanyika kwa 4. Halafu tunafika utosini, pa kupunguza vitanzi: "Mbele 10, viwili kwa pamoja, rudia mpaka mwisho wa duara." Jamani! Hapo kila rudio linakula vitanzi 12 (10, na viwili vinavyofumwa kama kimoja), na 12 mara 8 ni 96. Vinne vinabaki kwenye sindano kama abiria walioachwa na matatu ya mwisho pale Odeon. Nikauliza, hivi vinne nivipeleke wapi? Akajibu mbele ya watu 240: "Hesabu yako, dada." Akabandika na vikatuni vinne vya kicheko. Kimoja kwa kila kitanzi!

Hesabu YANGU? Nani aliandika 100?

Na sindano kaandika "namba 8". Ya wapi? Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, ya Marekani ni milimita 5. Kwa Waingereza namba ikipanda sindano inakonda, kwa Wamarekani inanenepa. Uzi wake kwenye milimita 4 unatoa vitanzi 20 kwa sentimita 10, kwa hiyo 100 ni sentimita 50, na kofia inavutika ikakaa vizuri kwenye kichwa cha sentimita 56. Shika milimita 5 upate vitanzi 17 kwa sentimita 10, kofia inatoka karibu 59. Hiyo ni ya kuvalisha mtungi wa gesi wa kilo 13!

Namba ya sindano ningemsamehe. Lakini "hesabu yako, dada", watu 240 wakisoma? Na kabla sijajibu, nimetolewa.

Fundi_wa_Umoja
Pole, lakini kelele zote hizi za nini? Duara la mwisho kabla ya utosi fuma mbele 23, viwili kwa pamoja, mara 4. Hapo 100 inakuwa 96. Ungekuwa umeshamaliza kofia badala ya kuamsha jukwaa zima.

SindanoMbili
Hilo nalijua! Aliyelipa 350 ndiye afanye hiyo kazi? Anayejifunza atavifuma hivyo vinne mbele tupu kila duara, kwa sababu karatasi haisemi lolote. Atapata mistari minane ya kupunguza na ukanda wa vitanzi vinne ukipanda kisogoni mpaka juu, na utosi umevutwa upande. Halafu atadhani mikono yake ndiyo mibovu. Na akiuliza ataambiwa nini? HESABU YAKO, DADA.

Chai_na_Sufi
Mwenye pateni ana makosa, na sio hayo tu. Hajasema popote uweke duara la mbele tupu katikati ya maduara ya kupunguza. Ukipunguza 8 kila duara kuanzia 96, utosi unakunjana kama mdomo wa gunia. Duara moja punguza, moja mbele tupu, mpaka ubaki na 48. Kuanzia hapo punguza kila duara mpaka 8. Kata uzi sentimita 20, upitishe kwenye vitanzi vyote 8 mara mbili, vuta, ufiche ncha ndani.

KulabuMoja
Nyinyi wa sindano mbili mnadeka. Njooni kwetu kwenye kroshia, kufuma kwa kulabu moja. Majina ya mishono yanatuchanganya: "dabo" ya Uingereza ndiyo "singo" ya Marekani, na "trebo" ya Uingereza ndiyo "dabo" ya Marekani. Pateni haisemi ni ya wapi, unashona skafu ya mtoto, inatoka ndefu mara mbili. Vitanzi vinne ni kitu cha kulilia?

MizaniYaJikoni
Mwizi halisi ni anayeuza uzi. Donge limeandikwa gramu 100, liweke kwenye mizani: 83. Na ukirudi kuongeza anakupa donge la namba nyingine ya rangi (lililotiwa rangi siku nyingine), anaapa ni rangi moja. Dukani zinafanana, nje juani kofia ina mkanda. Someni namba kwenye lebo, nunueni madonge yote siku moja.

Fundi_wa_Umoja
Ndiyo maana mimi nafumua sweta za mitumba za soko la Gikomba. Geuza ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiwa umeungwa kwa mnyororo, kata uzi mmoja, vuta, vipande vinaachana vizima. Ukiwa wa ovaloki, mashine inayoshona huku ikikata ukingo, rudisha haraka, kitambaa kilishakatwa, utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono.

SindanoMbili
Huu mjadala ni wa VITANZI VINNE na yule mtu aliyenicheka!

KulabuMoja
@Fundi_wa_Umoja ukishafumua, uzi umejikunja kama tambi. Unaunyoosha vipi? Pasi?

Fundi_wa_Umoja
Uzi wa akriliki usiuguse kwa pasi, unalegea na haurudi. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne usichanganyike, loweka maji ya uvuguvugu nusu saa, kamua kwa taulo, ning'iniza na kitu kizito kidogo chini. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha.

MizaniYaJikoni
Na sweta moja ya mtu mzima inatoa gramu ngapi?

Fundi_wa_Umoja
Nzito hufika 400. Kofia tano hizo, kila moja gramu 70, na uzi unabaki.

Chai_na_Sufi
Nitafute rangi ya maziwa. Kesho Gikomba mnaenda saa ngapi?